Bawabu Asiyeonekana wa Ukingo wa Maji



Mwezi uliopita, mkutano ulipokwisha, mmoja wenu aliweka simu yake mezani ili sote tutazame filamu fupi. Ulikuwa mji uliochorwa kwa kompyuta: majumba marefu ya vioo, maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kukaa juu, na mbele ya yote maji yanayong'aa. Watoto wanakimbia, mama anasukuma kigari cha mtoto, kijana anapita na baisikeli. Sauti ilihesabu sifa za mji huo, na mojawapo ilikuwa kwamba kila kona ina kamera zenye akili, hata mkaaji wake hatajua tena hofu. Wengi mlishangilia. Mmoja akasema kwamba siku moja ukingo wa ziwa letu nao utakuwa hivyo. Mimi nilinyamaza. Sikuwa na jibu la haraka, na tena sisi tunaokaa mashariki ya Kongo hatuna haki ya kumcheka mtu anayetamani kulala usiku bila kushtuka.

Leo ninajibu. Ninasema kwamba ahadi ile, katika sehemu yake iliyo kubwa, ni ya uongo. Ninasema pia kwamba mahali ilipojaribiwa kweli, kati ya watu wenye shule, fedha na mahakama zinazofanya kazi, ilipingwa kwa nguvu. Ikiwa wao waliona haja ya kuipinga, sisi tutaipokea kwa nyimbo?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, kwa maana wengi wanaitetea kamera wasiyoijua. Kamera ya zamani ilikuwa dirisha tu. Picha zilikwenda katika chumba cha mlinzi, mlinzi akasinzia, kanda ikajaa, ikafutwa, ikaanza upya. Aliyepita mbele yake alipotea kati ya maelfu. Usingizi wa mlinzi ulikuwa kinga yetu, ingawa hakuna bunge lililoupitisha kuwa sheria. Kamera yenye akili haisinzii. Programu iliyo nyuma yake hutenganisha mtu na mbwa, gari na baisikeli. Husoma namba za magari. Huchora katika picha mstari ambao jicho letu halioni, na kupiga kengele mtu anapouvuka. Huhesabu dakika ulizosimama mahali pamoja. Mlinzi anaweza kuiandikia: nitafutie mwanamume mwenye shati jekundu na begi mgongoni, nayo itampa kwa dakika chache njia yote mtu huyo aliyopita tangu asubuhi, kutoka kamera moja hadi nyingine. Ikiongezewa utambuzi wa sura, hugeuza uso wa kila apitaye kuwa mfululizo wa tarakimu, na kuulinganisha na tarakimu za nyuso zilizoandikwa katika orodha. Neno la siri la simu yako likiibwa, utalibadili jioni hiyohiyo. Uso ukiibwa, utaubadili na nini?

Sasa twendeni London, mahali panapoitwa King's Cross. Huko unapita mfereji wa Regent's Canal, uliofunguliwa mwaka wa 1820, karibu kabisa na vituo viwili vikubwa vya treni. Kando yake limesimama ghala la ngano la mwaka wa 1852. Mbele ya ghala palikuwa na bandari ndogo ya mashua. Ngano ilishushwa kutoka treni ikapakiwa majini. Biashara hiyo ilipokufa, mahali pale palichakaa, watu wakapakwepa usiku. Kisha kampuni za ujenzi zikashika ekari 67, yaani hekta 27 hivi, zikajenga ofisi, nyumba, maduka, mikahawa na bustani. Chuo cha sanaa cha Central Saint Martins kikahamia ndani ya ghala mwaka wa 2011. Pale ilipokuwa bandari ya mashua pakawa uwanja wa Granary Square, uliofunguliwa mwaka wa 2012, wenye chemchemi zaidi ya elfu moja zinazoruka kutoka sakafuni, na ngazi pana zinazoshuka hadi mfereji. Wakati wa joto watoto huoga humo wakiwa na nguo zao. Ni mahali pazuri, na anayekana uzuri wake ili ashinde mabishano anajidhuru mwenyewe.

Lakini uwanja huo si mali ya mji. Ni mali ya kampuni. Unaingia bila kulipa na bila kubisha hodi, unakaa ngazini, unakula mkate wako, na hakuna kitu kinachokuambia kwamba uko katika kiwanja cha mtu. Mwenye mali ndiye anayeweka kanuni, na walinzi wake ndio wanaozitekeleza.

Mwezi wa Agosti 2019 gazeti la Financial Times lilifunua kwamba katika eneo hilo kamera zimewahi kutumika kutambua sura za wapitaji. Kelele zilikuwa kubwa. Mkuu wa ofisi ya serikali inayolinda data za watu, Elizabeth Denham, alitangaza uchunguzi. Meya wa jiji, Sadiq Khan, aliiandikia kampuni akitaka maelezo. Mwanzoni kampuni ilijibu kwa maneno ya jumla juu ya usalama wa watu wote. Mwezi wa Septemba ikasema wazi zaidi: kamera mbili, katika barabara ya King's Boulevard, zilifanya kazi hiyo kati ya Mei 2016 na Machi 2018, ili kuwasaidia polisi, na haina mpango wa kurudisha mtambo wa namna hiyo. Polisi wa London nao, ambao kwanza walisema hawakuhusika, wakalazimika kukiri na kuomba radhi. Wao ndio walioipatia kampuni picha za watu wa kutafutwa. Watu wenyewe walikuwa saba.

Fanyeni hesabu hiyo pamoja nami. Kwa muda wa miezi ishirini na miwili hivi, kila aliyepita katika barabara ile, mwanafunzi anayekwenda chuoni, msafiri aliyeshuka treni, bibi anayempeleka mjukuu kwenye chemchemi, alipimwa uso ili watafutwe watu saba. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyeambiwa. Meya mwenyewe alijifunza kama sisi, kwa kusoma gazeti. Tena katikati ya makubaliano hayo kati ya askari wa serikali na walinzi wa kampuni, wakubwa wa polisi wenyewe walikuwa hawajui kilichopangwa na walio chini yao. Mtu akiniambia kwamba hakuna aliyedhurika, nitamwuliza: umejuaje? Aliyesimamishwa na mlinzi siku ile, akaombwa aondoke, atajua vipi kama sababu ilikuwa mwendo wake, au ngozi yake, au tarakimu zilizofanana? Madhara ya kitu kilichofichwa hufichwa pamoja nacho. (Jambo moja la kando: kamera zile zilizimwa Machi 2018, na sheria kali ya Ulaya ya kulinda data za watu ilianza kutumika Mei mwaka uleule. Kila mtu afikiri anavyotaka.)

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonesha jambo ambalo wauzaji wa mitambo hii hawalisemi kamwe. Wao huzungumza juu ya kamera: inaona mbali kiasi gani, inaona gizani, inahifadhi siku ngapi. Swali lenyewe ni la orodha. Nani anaandika jina, au uso, katika orodha? Nani anaufuta? Mwizi aliyehukumiwa, sawa. Lakini mbona asiwe pia mwandishi wa habari aliyeandika vibaya juu ya kampuni? Mpangaji aliyechelewesha kodi? Mfanyakazi aliyefukuzwa? Kijana aliyebeba bango katika maandamano? Mtambo hauulizi. Unatambua uso wa mkosaji na uso wa msema kweli kwa ustadi uleule, na aliye na ufunguo wa orodha hahitaji kubadilisha hata waya mmoja ili kuhama kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa pili.

Tukae kidogo na lile neno la kusimama mahali pamoja, kwa kuwa linatugusa kuliko utambuzi wa sura. Katika mitambo hii mtu anayekaa muda mrefu bila kununua wala kuingia popote huhesabiwa kuwa ishara ya hatari. Mwenye mtambo huchagua dakika: tano, kumi, kumi na tano. Zikipita, kengele. Sasa jiulizeni ni nani anayekaa ukingoni mwa maji. Nimekulia karibu na ziwa, ninawajua. Mvuvi anayengoja mwenzake arudi na wavu. Mama anayefua, na anayengoja nguo zikauke juu ya mawe. Muuza sambaza na beseni lake, ambaye kazi yake yote ni kusimama mahali pamoja. Wapagazi wanaongoja mashua iliyochelewa. Mzee asiye na kitu cha kufanya nyumbani, aliyekuja kutazama maji kwa sababu maji hayalipishi. Vijana wanne waliokaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakibishana juu ya mpira. Kwa kipimo cha mtambo ule, ukingo wetu wote ni mahali pa hatari, na watu wake wote ni washukiwa. Asiye mshukiwa ni mmoja tu: yule anayepita haraka akiwa na kitu alichonunua mkononi.

Hilo si kosa la ufundi litakaloondolewa na toleo jipya. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya jengo la biashara una picha yake ya mtu mwema, na mtu huyo ni mteja. Maskini hafukuzwi kwa ukuta wala kwa mbwa, kama zamani. Anaachwa aingie, kisha mlinzi anamjia kwa upole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka aelewe mwenyewe. Ukuta ungalikuwa wa haki zaidi, kwa maana ukuta unaonekana, na mtu anaweza kuupigia kelele. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka wa 2015, alikwisha kulalamika kwamba mahali pazuri panabinafsishwa na mitaa mizuri inafungwa kwa wasio wakaaji wake, ili wachache wapate utulivu wa kutengenezwa. Wakati ule wengi tuliwaza milango ya chuma. Sasa mlango umekuwa programu.

Najua jibu linalokuja. Asiye na kosa haogopi kutazamwa. Nimelisikia kwa wazazi wenu, nimelisikia kwa watu wa dini, nalo lina sura ya haki. Halina haki, kwa sababu linadhani mtambo haukosei, na mtambo unakosea, tena hautukosei sote sawasawa. Mwaka wa 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu tatu zilizokuwa zikiuzwa, wakizitaka zitambue tu kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea hadi asilimia 34.7. Mwezi wa Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti juu ya programu nyingi za kutambua sura, ikaona kwamba katika nyingi kati yake kosa la kumfananisha mtu na mwingine lilikuwa mara kumi hadi mara mia zaidi kwa nyuso za Waafrika na Waasia kuliko kwa nyuso za wazungu. Huko Detroit, Januari 2020, baba mmoja mweusi alikamatwa mbele ya mke na binti zake wadogo, akalala mahabusu, kwa wizi wa saa ambao hakuufanya: programu ilikuwa imeufananisha uso wake na picha yenye giza iliyochukuliwa na kamera ya duka. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na sababu ya kuogopa.

Programu zimeboreka tangu wakati huo. Asiyesema hivyo anawadanganya. Lakini chukueni mtambo ulio bora kuliko ile, unaokosea mara moja tu katika nyuso elfu. Ukingo wa maji wenye maduka, ofisi na kituo cha mabasi unaweza kupitiwa na watu elfu hamsini kwa siku. Mtambo huo bora utawaonesha walinzi watu hamsini wasio na kosa kila siku, na labda katika watu elfu hamsini hao hapakuwa na mhalifu hata mmoja. Nani atasimamishwa? Nani atafunguliwa begi mbele ya watu? Na baada ya mwezi mmoja wa kengele za uongo, mlinzi atakuwa amejifunza nini juu ya watu wanaofanana na wale hamsini?

Basi usalama je? Swali hili silikwepi, kwa kuwa ndilo lililowafanya mshangilie. Kamera zinasaidia mahali fulani. Mwaka wa 2019 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti za miaka arobaini juu ya kamera za ulinzi: kwa jumla, mahali penye kamera makosa yalipungua kwa asilimia 13 hivi. Penye mafanikio makubwa ni maegesho ya magari. Kwa makosa ya kutumia nguvu, yaani kupiga, kujeruhi, kuua, uchunguzi ule haukuona upungufu wa kuaminika. Someni tena sentensi hiyo. Kile tunachokiogopa sisi usiku si kuibiwa redio ya gari. Anayetaka kuwauzia wazazi wetu mtambo wa mamilioni ya dola kwa jina la damu iliyomwagika katika mitaa yetu anauza dawa ya kikohozi kwa mgonjwa wa malaria. Uchunguzi uleule uliona kwamba kamera hufaa zaidi palipo na mtu anayezitazama kweli na hatua nyingine pamoja nazo. Taa ya barabarani inayowaka usiku kucha, askari anayelipwa mshahara wake kwa wakati na anayejulikana kwa jina, shefu wa avenyu anayewajua wakaaji wake: vitu hivyo havina filamu nzuri, na hakuna kampuni itakayozunguka duniani kuvitangaza.

Kisa cha pili ni cha Toronto, Kanada, nacho nitakieleza kwa kifupi zaidi. Mwezi wa Oktoba 2017 ilitangazwa kwamba Sidewalk Labs, kampuni ndugu ya Google, itaupanga upya mtaa wa Quayside, ekari 12 kwenye ukingo wa ziwa Ontario. Waziri mkuu alikuwapo siku ya kutangaza. Ungekuwa mji unaojipima wenyewe: vihisio na kamera vikihesabu watu, magari, takataka, matumizi ya viti vya bustani. Kampuni ilimwita Ann Cavoukian, aliyekuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario, awe mshauri wake. Yeye alidai sharti moja: alama yoyote inayomtambulisha mtu iondolewe papo hapo inapokusanywa, kabla haijakwenda popote. Alipoambiwa kwamba kampuni nyingine zitakazoshiriki haziwezi kulazimishwa kufanya hivyo, alijiuzulu, Oktoba 2018. Sharti hilo mlishike, kwa maana ni kipimo kizuri hata kwa sisi. Kuna mitambo inayoweza kuhesabu watu bila kuhifadhi nyuso zao. Muuzaji akikataa kuitumia, amekwisha kukuambia kwamba biashara yake ni nyuso.

Wakaaji walijipanga. Chama cha kutetea haki za raia kilikwenda mahakamani Aprili 2019. Mwezi wa Juni mwaka huo kampuni ilileta mpango wake, kurasa zaidi ya 1,500, na ndani yake ilitaka eneo kubwa kuliko zile ekari 12. Watu wa kawaida, wenye kazi zao na watoto wao, waliusoma mpango ule, wakaujadili katika mikutano. Mwezi wa Oktoba shirika la umma linalosimamia ukingo huo liliirudisha kampuni kwenye ekari zake 12. Tarehe 7 Mei 2020 kampuni ikajiondoa, ikitaja hali mbaya ya uchumi wakati wa korona. Sitasema kwamba wakaaji peke yao ndio walioiangusha. Ninasema kwamba walichelewesha, waliuliza, walipunguza, na siku kampuni ilipoondoka, ardhi ilikuwa bado mikononi mwa umma. Huko Ulaya nako, tangu Februari 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili bandia imewakataza hata polisi kutumia utambuzi wa sura wa papo hapo katika mahali pa watu wote, isipokuwa kwa mambo mazito machache yaliyotajwa. Bidhaa inayobanwa hivyo huko itatafuta wanunuzi mahali pengine. Mtakuwa wepesi kiasi gani kukisia ni wapi? Na itarudi kwetu ikiwa na kitu chetu ndani yake, kwa kuwa tantali iliyomo katika vifaa vingi vya elektroniki hutoka katika koltani, na koltani nyingi ya dunia huchimbwa hapa, Masisi na kwingineko. Tunaichimba kwa mikono, nayo inarudi kututazama.

Mtu asifikiri kwamba ninawaonya juu ya mambo ya mbali. Kinshasa, mradi wa Cité du Fleuve umejaza mchanga katika majimaji ya mto Kongo ili kupata ardhi ya majumba na maduka. Miji yetu ya maziwa, Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, ina ukingo ambao kila mwenye fedha anautamani, na katika sehemu nyingi mtu wa kawaida anashuka majini kwa vichochoro vichache vilivyobaki kati ya nyua. Sheria tunayo. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kodi ya mambo ya dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu juu ya data za watu. Mnajua kama mimi umbali uliopo kati ya karatasi na barabara. Lakini karatasi hiyo inatupa angalau haki ya kuuliza kwa sauti, nayo tusiiache ioze kabatini.

Kwa hiyo mradi wowote wa ukingoni ukiletwa katika wilaya yenu, na maneno ya usalama wenye akili yakiwa ndani yake, nendeni kwenye mkutano, hata kama hamkualikwa. Ulizeni njia ya kufika majini itakuwa ya nani, na kama mwenye mali ataweza kuifunga. Ulizeni kama kamera zitatambua sura, ndiyo au hapana, na jibu liandikwe katika mkataba badala ya kubaki kinywani mwa mwakilishi. Ulizeni picha zitakaa siku ngapi, katika seva iliyo nchi gani, na ni askari gani anaweza kuziomba bila karatasi ya hakimu. Ulizeni ni dakika ngapi mtu anaweza kusimama kabla hajawa mshukiwa; swali hili watalicheka, nanyi ngojeni kicheko kiishe mlirudie. Anayeujua mtambo wake ana majibu hayo mkononi, kwa maana kila moja ni namba au jina analoliandika fundi siku ya kuufunga.

Kuna mmoja kati yenu, namjua, atakayesema kwamba mimi ni mzee ninayeogopa mambo mapya. Fundi wa kamera katika mtaa wetu ni rafiki yangu, na duka la dawa la jirani lina kamera mbili ambazo sina ugomvi nazo. Zinatazama mlango wa duka lake na sanduku la fedha lake, na kila aingiaye anajua ameingia kwa nani. Ugomvi wangu unaanza pale jicho la mwenye duka linapotoka nje, likavuka barabara, likashuka hadi majini, likamfuata mtu ambaye hana neno na duka.

Yule mwenye filamu nimemwomba aje nayo tena Jumamosi. Tutaitazama polepole, tukiisimamisha kila sekunde chache. Tutahesabu kamera zilizochorwa juu ya nguzo, kisha tutatafuta kama mchoraji aliweka popote, kati ya maji yale na vioo vile, mama mmoja mwenye beseni la sambaza.